Mizani ya Kuhukumu Mila za Wengine



Katika maelezo yetu ya leo tunalitazama swali ambalo ni la zamani, lakini ambalo askari hukutana nalo kila siku akiwa mpakani, njiani au kwenye lango la kambi. Je, taifa moja lina haki gani ya kuzihukumu mila na desturi za taifa jingine? Na likishahukumu, je, ni halali kuufanya uwanja wa michezo kuwa mahali pa kuitangaza hukumu hiyo? Wapo wanaosema kwamba kila nchi ina mila zake, na mgeni hana ruhusa ya kunyoosha kidole. Wapo pia wanaosema kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa, na viwili hivyo visichanganywe. Kauli zote mbili ni nyepesi kutamka. Tukizipima kwa historia ya jirani zetu wa Malawi, na kwa historia yetu wenyewe, tutaona kwamba kila moja ina kweli ndani yake, na kwamba kila moja imekwisha kutumiwa kuficha dhuluma.

Tuanzie Likuni, kilomita chache magharibi ya mji wa Lilongwe. Leo watu wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali yake ya misheni, shule zake za sekondari, na ule uji wa unga wa mahindi na soya unaoitwa kwa jina la mahali hapo, ambao umelea watoto wengi wa Malawi. Misheni ya Likuni ilianzishwa na mapadri wa shirika la White Fathers mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya nchi ya Wachewa. Mapadri hao walikuta watu wenye chama chao cha siri kiitwacho nyau, chenye ngoma kubwa ya vinyago iitwayo Gule Wamkulu, ambayo huchezwa katika mazishi, katika kumbukumbu za waliokufa na katika kuwafunda vijana. Mapadri walikiona kinyago, wakasikia maneno makali ya ngoma hiyo, wakakata shauri papo hapo kwamba hiyo ni kazi ya shetani. Mkristo aliyeonekana katika nyau alitengwa na kanisa. Wazee wa nyau nao waliziona shule za misheni kuwa mtego wa kuwanyang'anya watoto wao, wakawazuia watoto wasiende. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi, na mara kadhaa serikali ya kikoloni ililazimika kuingia kati.

Hukumu ile ilikuwa na kasoro gani? Tusiseme kwamba kasoro ilikuwa ugeni wa mapadri, kwa maana mgeni huweza kuona jambo ambalo mwenyeji amelizoea hata halioni tena. Kasoro ilikuwa kwamba walihukumu kabla ya kuuliza. Hakuna Mchewa aliyekuwa amekwenda kwao kuomba aokolewe na ngoma ya babu zake. Baadaye kanisa lenyewe liligeuka. Mwaka 1976, katika misheni ya Mua iliyo chini ya milima kuelekea Ziwa, Padri Claude Boucher, Mkanada wa shirika lile lile la White Fathers, alianzisha kituo cha Kungoni cha utamaduni na sanaa, na vinyago vilivyokuwa vikilaaniwa vikaanza kuhifadhiwa na kuelezwa maana yake. Mwaka 2005 shirika la UNESCO likaitangaza Gule Wamkulu ya Malawi, Zambia na Msumbiji kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu. Jambo lililoitwa la kishenzi miaka mia moja iliyopita leo linaitwa urithi. Hilo ni fundisho la kwanza: anayehukumu bila kuuliza hujihukumu mwenyewe.

Lakini, ndugu wasikilizaji, fundisho hilo lina upande wake wa pili. Malawi ilipata uhuru mwaka 1964, na Dakta Hastings Kamuzu Banda akaongoza nchi hiyo kwa miaka 30. Serikali yake iliitukuza Gule Wamkulu na ngoma nyingine za wananchi, na viongozi wake walisema mara kwa mara kwamba Malawi ina desturi zake na haitaki kufundishwa na mtu. Maneno hayo ni mazuri masikioni mwa Mwafrika yeyote. Ila serikali hiyo hiyo ilikuwa hakimu mkali sana wa desturi za watu wengine. Sheria ya mavazi ya mwaka 1973 ilimkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi inayoacha magoti wazi, na kumkataza mwanamume kufuga nywele ndefu. Wasafiri waliofika mipakani wakiwa na nywele hadi mabegani walinyolewa kwanza ndipo wakaruhusiwa kupita. Wenye kuitekeleza sheria hiyo walikuwa askari polisi na watu wa uhamiaji, wenye mkasi mkononi na amri mfukoni. Basi tunaona kwamba neno "mila zetu" lilikuwa ngao dhidi ya lawama za nje, na papo hapo lilikuwa fimbo juu ya migongo ya wengine.

Ngao hiyo ilitumika zaidi katika jambo la Afrika Kusini. Mwaka 1967, wakati nchi huru za Afrika zilipokuwa zimekubaliana kuwatenga makaburu, Malawi ilifungua uhusiano wa kibalozi na Pretoria. Mwaka 1970 Waziri Mkuu wa makaburu, John Vorster, alitembelea Malawi, na mwaka 1971 Dakta Banda akaenda Afrika Kusini na kupokewa kwa heshima zote za taifa. Mji mkuu mpya wa Lilongwe, ambao ulichukua nafasi ya Zomba mwaka 1975, ulianza kujengwa kwa mkopo wa Afrika Kusini, baada ya wengine kukataa kutoa fedha. Hoja ya Dakta Banda ilikuwa kwamba Malawi ni nchi maskini isiyo na bahari, kwamba maelfu ya vijana wake wanafanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na kwamba mazungumzo yatauponda ubaguzi upesi kuliko kususa. Hoja hizo si za kipumbavu, na mwenye haki huzisikiliza. Nchi maskini haina budi kula. Lakini ndani yake lilikuwamo wazo moja la hatari, ambalo makaburu wenyewe walipenda kulisikia, nalo ni kwamba ubaguzi wa rangi ni jambo la ndani la Afrika Kusini, desturi ya watu wa huko, na jirani hapaswi kuingilia.

Je, ubaguzi wa rangi ulikuwa desturi? Hapa ndipo mizani yetu inapoanza kufanya kazi. Ngoma ya nyau ilibebwa na Wachewa wenyewe, nao waliitetea hata walipotishwa. Ubaguzi wa rangi ulibebwa na watu weusi wa Afrika Kusini ambao hawakupiga kura, hawakuulizwa, na ambao kila walipopata nafasi ya kusema walisema hapana. Mwaka 1959 Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC, aliiomba dunia isusie bidhaa za nchi yake mwenyewe, akijua wazi kwamba watu wake ndio watakaoumia kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dennis Brutus, mwalimu na mshairi, aliunda pamoja na wenzake kamati ya Olimpiki isiyo ya ubaguzi, wakaomba nchi yao ifukuzwe katika michezo ya dunia. Mwaka 1963 Brutus alipigwa risasi na polisi mjini Johannesburg, kisha akafungwa katika kisiwa cha Robben. Wito wa kususa, basi, haukubuniwa Dar es Salaam wala Lusaka wala Lagos. Ulitoka kwa waliobeba mzigo. Afrika huru iliitika tu.

Na wale wanaosema kwamba Afrika ndiyo iliyoingiza siasa katika michezo, tuwakumbushe tarehe. Mwaka 1957, katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyofanyika Khartoum, Afrika Kusini haikucheza kwa sababu ilikataa kuleta timu yenye wachezaji wa rangi zote. Mwaka 1960 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ikiwa imewaacha nyumbani wachezaji wake wa kabila la Maori, ili kuwaridhisha wenyeji. Waliporuhusiwa mwaka 1970, waliruhusiwa kwa hila ya kuitwa Wazungu wa heshima. Mwaka 1968 Vorster alikataa kuipokea timu ya kriketi ya Uingereza kwa sababu ndani yake alikuwamo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town ambaye makaburu walimhesabu kuwa chotara. Mlango wa uwanja ulikuwa umekwisha kufungwa kwa kufuli la siasa, na waliolifunga ni makaburu. Afrika ilichofanya ni kukataa kucheza mbele ya mlango huo na kujifanya kwamba hauoni.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiacha Afrika Kusini nje ya michezo ya Tokyo mwaka 1964. Ilipotaka kuirudisha katika michezo ya Mexico mwaka 1968, nchi za Afrika, zikiongozwa na Baraza Kuu la Michezo la Afrika lililoundwa mwaka 1966, zilitishia kutokwenda, na mwaliko ukaondolewa. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa. Kisha ukafika mwaka 1976. Tarehe 16 Juni polisi wa makaburu waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Wiki mbili baadaye, wakati makaburi yangali mabichi, timu ya raga ya New Zealand ilianza ziara yake katika nchi hiyo. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika michezo ya Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga haimo katika michezo ya Olimpiki, na kwa hiyo haiwahusu. Michezo ilipofunguliwa tarehe 17 Julai, nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zilikuwa zimeondoka au zilikuwa katika kuondoka. Wengine waliondoka baada ya kushindana siku moja mbili. Katika Afrika nzima, Senegal na Ivory Coast ndizo zilizobaki hadi mwisho.

Askari anajua kwamba amri yoyote ina gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa na mtu mwenye jina. Tanzania ilikuwa na Filbert Bayi, kijana aliyetoka katika safu za Jeshi la Wananchi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, huko huko New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuja John Walker wa New Zealand, ambaye naye aliivunja rekodi ya zamani. Dunia ilingoja wawili hao wakutane tena Montreal. Hawakukutana. Walker alikimbia bila Bayi, akapata medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. Uganda ilikuwa na John Akii-Bua, askari polisi, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Mjini Montreal mbio zake zilikimbiwa na Edwin Moses wa Marekani, akachukua medali na rekodi pia. Ethiopia ilikuwa na Miruts Yifter, Kenya ilikuwa na Mike Boit. Mwanariadha ana miaka michache ya nguvu zake, na miaka hiyo hairudi. Tukisema kwamba kususa kulikuwa halali, na sisi tunasema hivyo, hatuna budi kusema pia kwamba bei yake ilikatwa kutoka katika miguu ya vijana hao, wakati waliotoa amri walikuwa wameketi vitini.

Malawi nayo, pamoja na balozi wake Pretoria na mikopo yake ya Lilongwe, haikushindana Montreal. Nchi ambayo kwa miaka tisa ilikuwa imesema kwamba haiingilii mambo ya makaburu ilijikuta imesimama pamoja na wenzake wa Afrika kwenye mlango wa kutokea. Huenda mtu akaliita jambo hilo unafiki. Sisi tunaona kwamba linaonyesha nguvu ya michezo. Mkataba wa biashara husainiwa chumbani, na mkopo huandikwa katika daftari. Mwanariadha hukimbia mbele ya macho ya dunia nzima, amevaa rangi za taifa lake, na swali la amesimama upande gani halina mahali pa kujificha. Wala majirani hawakuifungia Malawi viwanja. Nchi hiyo ilicheza Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ikalitwaa mwaka 1978 nyumbani kwake, ikalitwaa tena mwaka 1979 nchini Kenya, na mara ya tatu mwaka 1988. Ugomvi wa Afrika ulikuwa na mfumo wa ubaguzi. Mchezaji wa Malawi hakuhesabiwa kuwa adui.

Mwaka 1980 silaha ya kususa ilishikwa na mkono mwingine. Rais Jimmy Carter wa Marekani aliitaka dunia isiende Moscow, kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Akamtuma bondia Muhammad Ali azunguke Afrika kuomba watu waunge mkono. Ali alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea. Waandishi wa habari walimwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, naye hakuwa na jibu. Kenya ilikubali kususa, na Malawi pia haikwenda. Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui medali ya fedha katika mita 5000, akimfuata Yifter wa Ethiopia. Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 medali hizo mbili zimebaki kuwa za pekee za Tanzania katika Olimpiki. Tofauti ya mwaka 1976 na mwaka 1980 ni ipi? Uvamizi wa Afghanistan ulikuwa kosa, na hatuna sababu ya kuutetea. Lakini taifa huru hususa kwa kupima lenyewe. Taifa linalosusa kwa kuwa limetumiwa mjumbe mashuhuri limekuwa mpira katika mguu wa mwenzake.

Sasa tufike mahali pagumu, maana mizani isiyompima mwenye kupima ni mizani ya wizi. Miongoni mwa nchi zilizoondoka Montreal kwa kupinga uonevu ilikuwamo Uganda ya Idi Amin, ambaye wakati huo alikuwa akiua raia wake kwa maelfu. Ilikuwamo pia Malawi, ambako wapinzani wa chama tawala waliwekwa kizuizini bila kushitakiwa. Moja ya vizuizi hivyo iliitwa Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Jina lenyewe limejengwa juu ya kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kuacha: atakayeingia humo ataacha aliyokuwa akiyatenda. Afrika iliyolia kwa ajili ya Robben haikulia kwa ajili ya Dzaleka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya makaburu, kwamba hayo ni mambo ya ndani. Tanzania ilijaribu kuukataa upofu huo. Mwaka 1975 ilikataa kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za OAU uliofanyika Kampala chini ya uenyekiti wa Amin, na ikafanya hivyo pamoja na Zambia, Botswana na Msumbiji. Walio wengi walihudhuria. Akii-Bua, aliyenyimwa Montreal kwa jina la haki za Waafrika, alikimbia nchi yake mwaka 1979 na kujikuta katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Bingwa wa dunia, askari polisi, alipanga foleni ya chakula kama mkimbizi mwingine yeyote.

Mtu ataweza kuuliza: kama kipimo chenu ni sauti ya wenye kubeba mzigo, mbona Wamalawi hawakulalamika? Jibu ni kwamba mtu aliyezibwa mdomo hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhika. Mdomo ulipofunguliwa, jibu lilisikika. Tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa yote ya Kikatoliki ya Malawi, yale ya misheni kongwe kama Likuni yakiwamo, ilisomwa barua ya maaskofu saba iliyotaja waziwazi umaskini, rushwa, woga na kunyimwa uhuru wa kusema. Maaskofu waliitwa na kuhojiwa na polisi, na kukutwa na barua hiyo kukawa kosa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Tazameni jinsi historia inavyozunguka: kanisa lililoanza kwa kuihukumu ngoma ya wananchi bila kuwauliza, miaka tisini baadaye lilisimama kusema yale ambayo wananchi hao walikuwa wakinong'ona majumbani. Hukumu ya kwanza ilitoka juu. Ya pili ilitoka kwa watu.

Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993 walio wengi walichagua mfumo wa vyama vingi. Mwezi Desemba mwaka huo, baada ya askari wa jeshi kuuawa mjini Mzuzu na watu wa Young Pioneers, kikosi cha chama kilichokuwa na silaha, Jeshi la Malawi liliwanyang'anya silaha wenye kikosi hicho katika operesheni iliyoitwa Bwezani, yaani rudisheni. Jeshi lingeweza kuitwaa Ikulu siku hizo, na halikuitwaa. Likarudi kambini, na wananchi wakapiga kura mwezi Mei mwaka 1994. Ile sheria ya mavazi ilikuwa imekwisha kufutwa. Ni mfano unaostahili kukumbukwa na kila mwenye gwanda.

Mwaka 1994 huo huo, Dzaleka iliacha kuwa kizuizi ikawa kambi ya wakimbizi. Waliokuja walitoka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, nao walikuja na Kiswahili chao, hata leo mtu akipita katika soko la Dzaleka husikia lugha yetu kama yuko Kigoma au Uvira. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Katika miaka ya karibuni wamezidi 50,000. Wengi walitoka kambini wakafungua maduka na kufanya kazi katika Lilongwe na vitongoji vyake. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wote warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata na kufunga maduka yao. Hata watoto walijikuta mahabusu. Malawi ina sababu zake, na ardhi yake ni finyu kwa watu wake wenyewe. Hatusemi haya kwa dharau, kwa maana nchi yetu pia imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na nasi pia tumewahi kuchoka nao. Lakini tunamwuliza askari wa nchi yoyote: siku hiyo ya operesheni, anayemwona mbele yake ni mtu aliyevunja sheria, au ni mtu mwenye lugha, mavazi na chakula asichokipenda yeye? Mambo haya mawili huchanganyika upesi sana mikononi mwa mwenye bunduki. Ndivyo yalivyochanganyika mikononi mwa yule aliyeshika mkasi mpakani.

Makaburu walishindwa, na michezo ilitoa mchango wake. Mwaka 1992 Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki mjini Barcelona. Katika mbio za mita 10,000 za wanawake, Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda, Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini, akawa wa pili, nao wakazunguka uwanja wameshikana mikono. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupambana na waasi katika mashariki ya Kongo, na askari wake walitoka nchi tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi iliyowaongoza wenzake kususa, nchi iliyosusiwa, na nchi iliyokaa katikati, ziliweka vijana wao katika mahandaki ya pamoja, kulinda jamaa za watu wale wale waliokimbilia Dzaleka. Baadhi yao hawakurudi hai. Kama Afrika ingeukubali ubaguzi kuwa mila ya wenyewe, kikosi hicho kisingekuwapo.

Basi, ndugu wasikilizaji, mizani yetu ina mawe matatu. La kwanza, kabla ya kuihukumu desturi ya wengine, waulize walioibeba. Wakiwa huru nao wanaitetea, nyamaza ujifunze, na wakiwa wamezibwa mdomo, usiuhesabu ukimya wao kuwa ridhaa. La pili, hukumu unayomtolea mwenzako, itoe pia nyumbani kwako. Asiyeiona Dzaleka hana macho ya kuiona Robben. La tatu, mjue atakayelipa. Ukimwamuru mkimbiaji akae nje ya uwanja, au ukimwamuru askari afunge lango, mweleze sababu kwa ukweli, maana yeye ndiye atakayeishi na gharama yake.

Filbert Bayi hakupata medali ya Montreal, na hakuna atakayempa. Alichopewa ni sababu, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Askari anayesimama langoni usiku wa leo anastahili kupewa sababu ya namna hiyo. Na mtu aliyesimama mbele yake, awe na kinyago, nywele ndefu au kitambulisho cha ukimbizi, anastahili kuulizwa kabla ya kuhukumiwa.